Damu Yenye Jina la Respicius

Makole, Dodoma
6 Machi 1994

Kaka Ignas,

Shikamoo. Wifi Debora naye mpe shikamoo yangu, na watoto waambie shangazi anawakumbuka. Sisi huku tupo. Vumbi ni lile lile na maji ya bomba huja yakipenda. Mama aliniletea barua kwa mkono wa katekista. Anasema mtama umesimama vizuri huko Kwa Mtoro, ila ndege wa kwelea-kwelea wamewahi shambani kabla yake. Anauliza pia kama siku hizi Dar imezungushiwa ukuta, maana mwanawe wa kiume haonekani. Hilo nimelinakili kama lilivyo. Silo langu.

Kazini kwa Respicius hakujatulia. Kila mara wanabandika majina ya wanaopunguzwa, na kila mara mume wangu anarudi amekonda kwa jina ambalo halikubandikwa.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Gabrieli anaumwa. Ilianza na vidole: viganja na nyayo vilivimba vikawa kama maandazi, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Tukasema ni baridi ya Juni. Baridi ikapita, maumivu yakarudi, mara miguu, mara kifua, na macho yakawa ya njano. Wiki jana daktari alitazama damu yake kwenye kioo, akaniita pembeni. “Mwalimu,” akaniambia, “chembe za damu za mwanao zinajikunja kama mundu. Lakini kipimo chetu kinaishia hapo. Hakiniambii kama amebeba nusu tu au anaumwa ugonjwa wenyewe. Unaye mtu Dar?”

Nikamwambia ninaye.

Kaka, wewe ndiye mwenye mashine za kupimia damu. Niambie nifanye nini. Respicius anasema kwao Bukoba hakuna ugonjwa wa namna hiyo na nisimsumbue mtoto kwa sindano. Mimi namtazama mtoto akilala, namhesabia pumzi kama mwendawazimu.

Mdogo wako,
Hilaria


Dar es Salaam
27 Machi 1994

Mdogo wangu Hilaria,

Marahaba. Debora anakusalimu. Watoto wamepata wazimu mpya: jirani amenunua televisheni, na tangu yalipofunguliwa matangazo hapa mjini hawali kwetu tena. Mwambie mama ukuta haupo. Kilichopo ni zamu.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Usikate tamaa kabla ya kujua, na kujua kunawezekana. Nakueleza kwa urefu kwa sababu wewe ni mwalimu, utapenda kuelewa.

Ndani ya kila chembe nyekundu kuna protini iitwayo himoglobini. Ndiyo inayobeba hewa na ndiyo inayoipa damu rangi. Kila mtu hurithi maagizo yake kwa baba na kwa mama. Kuna maagizo ya kawaida, na kuna yenye kosa dogo sana, lakini kosa hilo hufanya protini zishikamane na chembe ijikunje. Kwa macho protini hizo mbili hazitofautiani. Kinachozitofautisha ni kiasi cha umeme zinachobeba, na hapo ndipo tunapozinasa. Naosha chembe, nazipasua ili protini itoke, naweka alama ndogo kwenye utepe mweupe mfano wa karatasi uliolowa maji ya chumvi maalumu, kisha napitisha umeme. Protini zinaanza safari. Ya kawaida inatangulia, yenye kosa inabaki nyuma. Nikitia rangi naona mistari. Aliyebeba nusu ana mistari miwili. Mgonjwa ana ule wa nyuma, bila ule wa mbele.

Nataka damu ya watu watatu: mtoto, wewe na Respicius. Mtoto hawi mgonjwa kamili mpaka apokee kosa kwa pande zote mbili, na mtahitaji kujua kwa ajili ya watoto watakaofuata. Chupa ziwe zile zenye dawa ya kuzuia damu isigande. Andika jina kwenye kila chupa. Zitie kwenye chupa ya chai yenye barafu, Lea binti wa mama mdogo azilete, anakuja huku baada ya Pasaka. Na kama mtoto ameongezewa damu hivi karibuni usinitumie, maana nitakuwa napima damu ya mtu mwingine.

Kaka yako,
Ignas


Makole
20 Aprili 1994

Kaka,

Shikamoo. Lea anaondoka kesho alfajiri, naandika huku namfungashia karanga zako. Gabrieli hajaongezewa damu. Alilazwa siku mbili kwa homa, sasa yuko nyumbani anafukuza kuku wa jirani.

Damu yangu na ya mtoto ilikuwa kazi nyepesi. Ya Respicius ndiyo iliyotushinda. Nilipomsomea barua yako alicheka, halafu akakasirika.

“Damu yangu isafiri mpaka Dar? Ikapimwe nini?”

“Himoglobini.”

“Na nini tena?”

“Himoglobini tu. Kaka ameandika.”

“Ndivyo wanavyosema.”

Unajua hali ya siku hizi, ukimwomba mtu damu anaona jeneza. Makaburini Miyuji tumezika vijana wengi, na hakuna anayetaja kilichowaua. Wanasema homa, wanasema kifua. Sikumlazimisha. Lakini jana jioni alirudi kazini na chupa yake mfukoni, imefungwa plasta na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Alisema alipita zahanati iliyo karibu na ofisi. Nilifurahi nikamkaangia mayai.

Basi zipokee zote tatu. Usichelewe kunijibu, kaka. Nipe hata habari mbaya, lakini nipe.

Hilaria


Dar es Salaam
29 Mei 1994

Hilaria,

Salamu kwenu nyote. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilitubana na umeme ulikuwa wa kubahatisha.

Habari ya Gabrieli si nzuri. Ana ugonjwa wenyewe. Wewe umebeba nusu, una mistari miwili, na hiyo haitakuumiza.

Sikiliza ya kufanya. Apewe foliki, vidonge vya kusaidia damu, kila siku. Asikose dawa ya kuzuia malaria na alale ndani ya chandarua, kwani malaria ndiyo itakayomchukua kabla ya kitu kingine. Anywe maji mengi. Asipigwe na baridi. Akipata homa usingoje kesho. Wapo wanaokua na kuwa watu wazima, nimewaona kwa macho yangu.

Ya Respicius haikusomeka vizuri. Nadhani ilipata joto njiani. Si muhimu kwa sasa.

Debora anawasalimu.

Ignas


Makole
24 Juni 1994

Kaka Ignas,

Shikamoo. Baridi imeingia, namvika Gabrieli soksi mbili mbili na sweta la mtumba lenye picha ya dubu. Foliki anakunywa. Nililia siku mbili, ya tatu nikaenda kufundisha.

Barua yako ilikuwa fupi. Nimeisoma nikasema kaka amechoka, au kaka ana jambo.

Mama mkwe amekuja kutoka Bukoba pamoja na shemeji Optatus, kaka yake Respicius. Walisikia mtoto anaumwa. Mama si mtu mbaya, lakini kila jioni analirudia neno moja: kwao ugonjwa huu haujulikani, umetoka kwetu Kondoa, kwa watu wa lugha ya kudonoa ulimi. Nikamweleza kwa heshima kwamba ni lazima utoke pande mbili. Akaniuliza, “Nani kasema?” Nikamjibu, “Kaka yangu amepima.” Akasema, “Basi tuone kipimo cha mwanangu.”

Sina cha kumwonyesha. Chupa tatu zilisafiri kwenye barafu moja, kwa siku moja, mkononi mwa Lea. Inakuwaje moja tu ipate joto? Respicius hata haulizi. Ajabu ni kwamba nikilitaja jambo hili anatoka nje.

Nakuomba, kama kimebaki chochote kwenye chupa ile, rudia. Nahitaji karatasi ya Respicius. Ninayo pia sababu nyingine ambayo sitaiandika leo.

Hilaria


Dar es Salaam
18 Julai 1994

Hilaria,

Natumaini mnaendelea vizuri na baridi inapungua. Sisi hatujambo.

Naandika haya kama kaka, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako.

Damu ya Respicius haikuharibika. Nilikudanganya. Niliipima mara tatu, siku tatu tofauti. Mstari ni mmoja, ule wa mbele. Hakuna hata kivuli cha ule wa nyuma. Kuna hitilafu nyingine ya damu ambayo huweza kudanganya macho, niliitafuta, sikuiona. Mtu huyo hana kosa la kumpa mtoto.

Gabrieli amepokea pande mbili. Upande mmoja ni wewe. Wa pili si mwenye damu hii.

Tangu Mei nimekaa na jambo hili kifuani. Debora ananiuliza mbona sili. Nimejaribu kulizunguka, lakini protini haina upendeleo, haimjui shemeji wala dada. Naomba uniambie ukweli, nami nitaubeba pamoja nawe. Filipo alihamia lini Dodoma? Nakumbuka alikuwa akikufundisha nyimbo za kwaya, na nakumbuka mama alivyotamani akuoe.

Usimwonyeshe mtu barua hii.

Ignas


Dar es Salaam
11 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Lea ananiambia amepita Makole, hukuwapo, na jirani hakutaka kusema. Kama nimekuudhi, nitukane. Nitumie hata mstari mmoja. Mtoto anaendeleaje?

Ignas


Kwa Mtoro
9 Oktoba 1994

Kaka,

Shikamoo, kwa kuwa mama amenilea hivyo. Mama hajambo, mguu tu ndio unamsumbua. Mtama ulivunwa, haba, lakini upo. Wamekufa ng'ombe wawili wa mjomba Yotham. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Uliniambia nisome nikiwa peke yangu. Umesahau kwamba barua zako hupitia sanduku la posta la ofisi ya Respicius? Siku zote yeye ndiye anayezichukua. Barua yako ilisomwa sebuleni kwangu kabla mimi sijaigusa. Optatus ndiye aliyesoma, kwa sauti, kama anasoma somo kanisani. Alipofika kwenye jina la Filipo akarudia sentensi nzima.

Mama mkwe akashika kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nguo. Nikamwambia mume wangu, “Respicius, sema. Unanijua. Sema.”

Alikuwa anatazama sakafu. Hakukana, hakukubali, hakunipiga. Angenipiga ningeelewa.

Optatus akasema, “Kaka yake mwenyewe ndiye shahidi. Mnataka nini tena?”

Nikaondoka siku ya pili kwa lori la mahindi, Gabrieli mgongoni na mwingine tumboni. Ndiyo, kaka. Ile ndiyo sababu niliyokataa kuiandika Juni. Nilitaka kujua huyu wa pili ana bahati gani. Respicius alikuwa anajua nina mimba, na bado aliitazama sakafu.

Njiani baridi ilimpiga mtoto. Miguu ikakaza, akalia kutoka Chemba mpaka tunafika. Masista wa zahanati walimpa maji kwa mshipa na dawa ya maumivu, na tulikaa nao wiki nzima. Amepona, kama kupona kwake kunavyokuwa.

Sasa sikia. Hukuniuliza, ulinihukumu. Filipo nilimwona mara ya mwisho kwenye harusi yangu, akipiga kinanda. Nilimjua mwanamume mmoja tu maisha yangu yote, na Mungu yupo. Kwa hiyo nimekaa hapa nimeifikiria mashine yako kama ninavyofikiria hesabu ya mtoto wa darasani iliyopata jibu lisilowezekana. Sisemi mashine imekosea. Ninachouliza ni hiki: wewe ulijuaje kwamba damu ile ni ya Respicius? Uliliamini jina lililo kwenye plasta. Mimi sikumwona akitolewa. Jioni ile alikunja mikono ya shati akala mayai yangu, na mkononi hapakuwa na pamba wala alama ya sindano. Nimeikumbuka mikono ile nikiwa kwenye lori.

Na jambo jingine. Nilipojifungua Gabrieli nilivuja sana, Respicius akanitolea damu. Nesi alipiga kelele ukumbini, “Baba ni kundi O, anafaa kwa kila mtu!” Wodi nzima ilicheka. Mwaka tisini na moja alitoa mkono bila woga.

Kama kuna kilichobaki, kitazame tena. Barua yako itume kwa katekista.

Hilaria


Dar es Salaam
20 Novemba 1994

Mdogo wangu Hilaria,

Mama na Gabrieli nawasalimu. Sina habari nyingine za nyumbani za kutangulia, utanisamehe.

Chembe za damu ile zilikwisha. Lakini ninapopima huwa namimina kando yale maji ya damu, ya njano, nayatia kwenye jokofu la kugandisha. Ni mazoea tu. Chupa ndogo ya Respicius ilikuwapo bado.

Katika maji hayo kuna protini nyingine, walinzi wa mwili, tunaziita kingamwili. Mtu wa kundi O anao walinzi wa aina mbili: wa kuzikataa chembe za kundi A, na wa kuzikataa za kundi B. Nikachukua chembe za A nikadondoshea maji yale. Zikagandana, vinundu vidogo kama uji ulioharibika. Nikachukua chembe za B. Nikangoja. Nikatikisa kioo. Hazikugandana. Nilirudia na chembe za mtu mwingine, ikawa vile vile. Yule ni mtu wa kundi B. Respicius ni O. Damu yenye jina la Respicius haikuwa damu ya Respicius.

Ni kipimo ambacho mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza anakiweza. Ningekifanya Mei. Ilinipasa kuishuku chupa kabla ya kukushuku wewe, na badala yake nilirudia utepe ule ule mara tatu nikajiona mwangalifu. Nimekaa na jambo hili, Hilaria. Sina pa kulitua.

Nilimwandikia Respicius sentensi moja: “Damu uliyonitumia ni kundi B, ni ya nani?” Hakujibu. Wiki iliyopita, saa za kazi, alisimama mlangoni pa maabara na mfuko mdogo wa safari.

“Karibu, shemeji,” nikamwambia.

“Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kutolewa damu.”

Nilimtoa mimi mwenyewe. Alisema ile ya kwanza ilikuwa ya Marko, dereva wa ofisini kwao, ambaye yeye Respicius alimdanganya kwamba ni kipimo cha malaria. Nikamuuliza, “Barua yangu iliposomwa, ulijua si damu yako?”

“Nilijua.”

“Ukanyamaza.”

“Ningesema si yangu, wangeniuliza kwa nini niliificha yangu.”

Kwa nini aliificha, alinieleza. Nimemwambia hilo sitaliandika, atalileta kwako yeye mwenyewe. Alikaa siku tatu kwetu, akaomba kipimo kingine, akapimwa. Na hicho pia ni chake kukisema.

Himoglobini yake ndiyo ninayoruhusiwa kukuambia. Kundi lake ni O na mistari yake ni miwili kama yako. Gabrieli ni mtoto wenu. Huyo wa tumboni ana nafasi tatu za kusalimika na moja ya kuugua. Akifika miezi sita ndipo tunaweza kujua, kwa sababu wachanga huzaliwa na himoglobini yao ya muda.

Nisamehe. Sijui namna nyingine ya kuliandika neno hilo.

Ignas


Kwa Mtoro
12 Machi 1995

Kaka Ignas,

Shikamoo. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na kazi ya kuzaa. Ni msichana, alikuja mwishoni mwa Februari, mrefu, na kelele zake zinafika kwa mjomba Yotham. Gabrieli anamwita “huyo.” Macho yake bado yana njano, lakini Krismasi ilipita bila kulazwa. Mvua zimenyesha. Mama anapalilia akiwa amekaa, kwa ajili ya mguu.

Respicius alifika mapema Desemba, kwa miguu kutoka lilipokwama lori. Alikaa kwenye kigoda nje, mama akampa maji, hakumwambia karibu ndani. Akanieleza yote. Mwaka tisini na mbili alikwenda semina Morogoro, yakatokea ya kutokea. Mwanamke aliyekuwa naye huko tulimzika Miyuji mwaka uliofuata, na mimi nilipika msibani nisijue napika nini. Tangu hapo alijihesabu maiti. Chupa ilipotajwa, akaona ikifika kwako utapima na lile jingine.

Alinieleza mlivyompima. Kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo, chini yake mmegandisha protini za kile kirusi. Kama mtu ameambukizwa, walinzi wa damu yake hunasa pale, na ukitia dawa ya mwisho kishimo kinageuka njano. Alisema kilichokuwa jirani na chake kiligeuka njano palepale, na yeye akakikazia macho chake mpaka machozi yakamtoka. Kikabaki cheupe kama maji. Mkarudia, kikabaki cheupe.

Kwa hiyo woga wake haukuwa na kitu ndani, na shaka yako haikuwa na kitu ndani, na baina ya vitu viwili visivyokuwapo nilipita mimi na mtoto mgongoni.

Aliniomba nirudi. Nikamwambia nitarudi siku mama yake atakaposikia, sebuleni pale pale, mbele ya Optatus. Tulikwenda Januari, kwa siku chache tu. Alisimama. Akasema, “Mama, damu ile niliiazima kwa mtu. Ugonjwa wa mtoto umetoka kwangu na kwa mke wangu, nusu kwa nusu.” Mama mkwe akamuuliza, “Siku ile barua inasomwa, ulikuwa unajua?” Akasema, “Nilikuwa najua.” Optatus akatoka nje kuvuta sigara. Mama mkwe akainuka. Aliingia jikoni, akapika, na chakula alinipakulia mimi kwanza, mwanawe mwisho. Kisha nikarudi huku kujifungulia kwa mama yangu. Makole nitarudi shule zikifunguliwa, kwa ajili ya kazi yangu na hospitali ya Gabrieli. Mengine na Respicius tutayaona. Silali nikimwamini, lakini nalala.

Sasa wewe. Msamaha wako nimeusoma. Umeandikwa vizuri, umeanza na jokofu na umeishia na neno lenyewe. Lakini mama naye aliijua barua ya Julai. Nilimwambia mimi, kwa lugha yetu, pamoja na jina la Filipo. Tangu siku hiyo hajakutaja. Watu wakimuuliza habari za mwanawe wa Dar anaita mbuzi.

Shaka yako ilisomwa kwa sauti mbele za watu, kaka, na msamaha umekuja umefungwa kwenye bahasha. Hautoshi. Padri anabatiza Pasaka. Respicius atakuwapo na mama yake amesema anakuja. Mtoto hana jina hadi leo, kwa sababu mama anasema hawezi kulitaja jina la mjukuu wakati mwanawe mmoja amejificha.

Njoo. Usilete sukari wala kitenge. Utasimama uani, mama ataketi, mimi nitaketi, na utasema kwa mdomo wako ulichonifikiria na kwamba haikuwa kweli. Ukimaliza, tutampa mtoto jina.

Mdogo wako,
Hilaria